Kwa nini kila kisiwa kinaishia kuuza ufuo? Unguja, Shelisheli, Morisi, Komoro... na sisi Mombasa

#1 MtuWaKuze
Salaam wadau. Nimekaa miaka mingi stoo ya hoteli moja kaskazini ya pwani, na kuna jambo nataka tulijadili bila kuvunjiana heshima.

Kila kisiwa cha bahari yetu hii kilikuwa na chake. Unguja na Pemba karafuu. Morisi miwa. Shelisheli nazi na mdalasini. Komoro vanila na ilangilangi, yale maua ya manukato. Maldivi samaki mkavu. Leo ukiuliza wanakula kwa nini, karibu wote watakwambia watalii. Unguja, kwa hesabu za Benki ya Dunia, utalii ndio unaoleta kama asilimia 80 ya fedha za kigeni. Ugonjwa ukizuka Ulaya, mama wa Nungwi anakosa unga. Tuliliona hilo 2020.

Sasa niwape nilichokuwa nakiona mlangoni pangu. Lori la mboga linaingia alfajiri kutoka bara: viazi, karoti, kabeji, brokoli, na maziwa ya pakiti. Nyama inatoka bara. Mvinyo Afrika Kusini, jibini Ulaya, hata maji ya chupa hayatoki hapa. Cha kwetu ni madafu, ndimu, maembe msimu wake, na samaki siku moja moja. Mgeni mwenyewe chumba, chakula na kinywaji alishavilipia kwao kabla hajapanda ndege. Sisi tulichoshika ni mshahara na tipu, na ikifika Aprili tunaambiwa nendeni nyumbani mtaitwa.

Dai langu: hili ni shamba lile lile la mkoloni, limebadilishwa zao tu. Mwenye shamba yuko mbali, bei inapangwa mbali, sisi ni vibarua wa msimu. Je, ni udogo wa kisiwa, ni ukoloni, au ni viongozi wetu? Na kuna kisiwa kilichojitoa?

#2 BintiLikoni
Umenena, ila mie nipunguze kidogo. Mamangu alifua mashuka ya hoteli Diani tangu sijaanza shule. Hiyo tipu unayoidharau ndiyo ililipa karo yetu wanne. Babangu alikuwa kwenye mashamba ya miwa Ramisi, kiwanda kikafungwa 1988 na hakuna aliyemwita tena. Shamba la kweli lilitutupa, hoteli ikatuokota. Msiongee kama tuliofanya kazi huko tulikuwa watumwa.

#3 Baharia_Mtongwe
#1 nakupa mkono. Nitarudi na habari za samaki, sasa naenda kupumzika.

#4 MwalimuJomvu
Mleta uzi, Morisi usiiweke kapu moja na wengine. Mwaka 1961 mchumi Mwingereza, James Meade, aliandika ripoti akaona mustakabali mbaya: watu wengi, ardhi ndogo, zao moja. Wakapata uhuru 1968 katika hali hiyo hiyo. Lakini 1970 walipitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje, wakaanza kushona nguo. 1975 wakapata mkataba na Ulaya wa kununuliwa sukari kwa kiasi maalumu na kwa bei iliyowekwa, mara nyingi juu ya bei ya soko la dunia. Faida ya sukari wakaitia kwenye viwanda na hoteli. Baadaye wakaongeza benki na huduma za kompyuta. Utalii wanao, lakini ni mguu mmoja kati ya kadhaa.

Kwa hiyo hoja ya udogo wa kisiwa haisimami. Morisi ni ndogo na imetoka.

#5 Mkilifi_Halisi
Imetoka, lakini mashamba ya miwa yalibaki mikononi mwa nani, mwalimu? Familia zile zile za Kifaransa zilizokuwa nayo tangu zama za utumwa. Nao ndio wenye hoteli nyingi. Tuseme uchumi umetoka, wenye nacho hawakutoka.

#6 MwalimuJomvu
Hilo kweli, silikatai. Lakini serikali yao iliwatoza kodi ya kuuza sukari nje kwa miaka, na watoto wakasoma sekondari bure. Mwenye shamba alibaki na shamba, ila alilipia.

#7 Kuli_Mstaafu
Vijana, mnalinganisha vitu viwili mbalimbali. Mombasa si uchumi wa kisiwa. Mombasa ni bandari iliyokaa juu ya kisiwa. Nimebeba magunia pale Kilindini kabla makontena hayajatawala, na hata leo yanapita zaidi ya milioni moja kwa mwaka: mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, Kongo. Kisiwa gani cha watalii kina nchi tano mgongoni mwake? Kaunti nzima ina watu milioni 1.2 kwa sensa ya 2019. Shelisheli nzima ni watu laki moja, hawajai Kisauni.

Shida yetu si kutegemea mzungu wa ufukweni. Shida ni kwamba bandari ni yetu kwa jina, na pato lake haliamuliwi hapa.

#8 DerevaWaTrela
Mzee #7 Mungu akupe umri. Tangu reli mpya ianze 2017, ikaja amri mizigo ipande reli hadi Nairobi, barabara ya Changamwe hadi Mariakani ilinyamaza. Mie nilikuwa na trela mbili za mkopo. Moja ikachukuliwa. Gereji, mama wa chakula, vijana wa kubadilisha magurudumu, bohari za Miritini, wote hao waliishi kwa lori kusimama. Watu waliandamana 2019 kila wiki, mnakumbuka. Hapo hapakuwa na mtalii wala mkoloni, palikuwa na kalamu ya mtu mmoja ofisini.

#9 Mbara_Bamburi
Reli ilikopwa na nchi nzima, ilibidi ipate mzigo wa kulipia deni. Nasema kama mkaazi wa Bamburi tangu utotoni, msinipige mawe 😀

#10 DerevaWaTrela
Mawe hatukupigi ndugu yangu, ila siku ukinunua trela nijulishe nikuuzie iliyobaki.

#11 Paje_Kusini
Salamu kutoka ng'ambo, Unguja. Nimesoma #1 nimeguswa. Nieleze tulifikaje.

Karafuu haikufa kwa uvivu wetu. Mteja mkubwa wa karafuu duniani alikuwa Indonesia, kwa zile sigara zao za karafuu. Wakapanda yao wenyewe, na kufika miaka ya 1980 walikuwa wanajitosheleza. Bei ikaanguka. Serikali ilikuwa ndiye mnunuzi pekee, ikaendelea kumlipa mkulima kidogo, karafuu ikawa inavuka usiku kwa ngalawa kuja kwenu Kenya. Ndipo kuanzia katikati ya miaka ya 80 milango ya utalii ikafunguliwa. Hatukuchagua utalii kati ya mambo matatu. Lilibaki hilo.

Kijijini kwangu kuna kazi nyingine, mwani. Ulianza pwani ya mashariki 1989 na wakulima karibu wote ni kina mama. Bamvua maji yakitoka wanashuka na vigingi na kamba, wanafunga kimche kimoja kimoja kwa uzi wa taitai, mgongo umeinama saa nne mfululizo, jua kichwani. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika, tajiri anapima. Bei anaipanga yeye, naye anapangiwa na viwanda vya nje. Siku hizi maji yamepata joto, ule mwani wa bei nzuri unaoza kabla ya kuvunwa. Na mbele ya hoteli wanaambiwa wageni wanachomwa na vigingi wakiogelea, sogeeni.

Kwa hiyo nawauliza, mwani nao si shamba la mkoloni? Unaliwa Ulaya na Marekani ndani ya dawa ya meno na aiskrimu. Kutoka kwenye utalii ukaenda kwenye mwani si kutoka.

#12 BintiLikoni
Dada/kaka #11 ahsante. Kibuyuni kule Kwale kina mama wanalima huo huo na malalamiko ni hayo hayo ya bei. Wao wameanza kutengeneza sabuni wenyewe.

#13 Paje_Kusini
Huku pia sabuni ipo. Mnunuzi wa sabuni ni mtalii 😅

#14 Ngazija_Kibokoni
Nimecheka na nimehuzunika. Niseme la Komoro maana mleta uzi kaitaja kama inaishi kwa watalii. Haiishi. Watalii ni wachache mno. Tungekuwa sahihi kusema Komoro ndiyo mfano wa kisiwa ambacho utalii haukuja.

Na haukutufanya huru. Tarehe 6 Julai 1975 tulitangaza uhuru, visiwa vinne vikawa vitatu maana Maore Wafaransa waliishika kwa kura waliyoihesabu kisiwa kimoja kimoja. Mapinduzi juu ya mapinduzi, mamluki Bob Denard akawa anaingia na kutoka kama nyumba yake. Leo kinachotulisha ni pesa za jamaa walioko Marseille na miji mingine ya Ufaransa. Shangazi yangu Moroni paa lake, kisima chake, harusi kubwa ya mwanawe, vyote vimetumwa. Na wenzetu wa kisiwa cha Nzuwani tangu 1995 wanahitaji visa kuingia Maore, wanavuka usiku kwa kwasakwasa, viboti vidogo, na wengi wamezama njiani. Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa 2011.

Sasa anayesema hapa Mombasa "tungejitenga tungeneemeka" aangalie Moroni yetu kwanza, asiangalie Victoria ya Shelisheli peke yake.

#15 Mkilifi_Halisi
Ngazija, umegusa donda. Acha nilete karatasi.

Pwani yetu ilikodishwa. Desemba 1895 Sultani wa Unguja aliwaachia Waingereza ukanda wa maili kumi kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Mmijikenda, mwenyeji wa pwani hii, hakuulizwa. 1908 ikaja sheria ya hatimiliki: anayedai ardhi aje ajiandikishe. Wenye kusoma na mawakili, matajiri wa mjini, wakajiandikisha. Babu zetu walikuwa wanalima tu, hawakujua kuna daftari. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza na baadaye ya serikali. Oktoba 1963 Kenyatta na waziri mkuu wa Unguja, Shamte, wakapeana barua: Sultani anaachia ukanda, Kenya inalinda mahakama za kadhi, na hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa daima. Someni hiyo ya mwisho mara mbili. Uhuru ulikuja na dhulma ya 1908 imepigwa muhuri.

Ndiyo maana hoteli zilipokuja miaka ya 60 na 70 zilikuta mwenye karatasi yuko Nairobi, London au Mombasa mjini, na mwenye minazi ni maskwota. Mimi nimezaliwa maskwota Kilifi. Nyumba ya babangu haikuwahi kujengwa kwa mawe kwa sababu mwenye karatasi alikataza, makuti na udongo ndiyo ruhusa. Mtu asiyeweza kujenga jiko la mawe atafunguaje nyumba ya wageni? Atakopa benki akiweka nini?

Mleta uzi unauliza ukoloni au viongozi. Hatimiliki ndiyo jibu langu, na ni vyote viwili.

#16 MwalimuJomvu
Bandiko zuri sana. Sahihisho dogo: 11,000 ilikuwa kodi yenyewe, lakini Waingereza walilipa jumla ya pauni 17,000 kwa mwaka. Zile 6,000 ni riba ya asilimia 3 ya pauni 200,000. Hizo ni fedha Wajerumani walizomlipa Sultani kwa ile pwani ya Tanganyika, Waingereza wakazitumia kuinunua kampuni yao iliyokuwa inafilisika. Yaani Sultani alilipwa riba ya fedha zake mwenyewe.

Na kulikuwa na njia ya kati. Ronald Ngala, mtoto wa pwani hii, na chama chake cha KADU walipigania majimbo, yakaingia kwenye katiba ya 1963. Mwishoni mwa 1964 KADU ikajivunja, majimbo yakafa. Wale wa Mwambao, vuguvugu la ukanda wa pwani, walitaka kujitenga au kurudi kwa Sultani, tume ya Robertson ya 1961 ikapendekeza pwani iungane na Kenya. Ngala alikataa yote mawili. Kilichompata ni somo kuliko kilichowapata Mwambao.

#17 Baharia_Mtongwe
Nimerudi. Mleta uzi unasema samaki walikuwa wanaingia stoo siku moja moja. Nikwambie kwa nini upande wa huku.

Kaskazi ikiwa tulivu tunapata jodari, nguru, kolekole, wa kutosha. Nikaenda hoteli na samaki kwenye barafu. Naambiwa leta ankara, leta namba ya kodi, leta cheti cha afya, malipo siku 90. Mie ngarawa nimeazima, petroli nimekopa kwa tajiri, na tajiri anataka samaki wake jioni ile ile. Siku 90 nale nini? Basi samaki anamchukua tajiri, tajiri anamuuzia muuzaji mkubwa mwenye friza, na huyo ndiye anayeiuzia hoteli. Nguru niliyemvua mie unamkuta kwenye sahani kwa bei ya mshahara wa mpishi wa siku mbili.

Kusi ikivuma bahari inachafuka, hatutoki. Na miezi hiyo hiyo ya mvua kubwa ndiyo hoteli zinafunga. Kwa hiyo nyumba yenye baba mvuvi na mama wa hoteli, wote wanakaa bila kazi mara moja. Hili hakuna ripoti niliyoliona ndani yake.

#18 MtuWaKuze
#17 kweli tupu. Ile hati ya malipo ya siku 90 nilikuwa naiweka muhuri mimi. Na hoteli nayo ilikuwa inangoja kulipwa na kampuni ya safari ya Ulaya kwa muda kama huo huo. Yaani mvuvi wa Mtongwe ndiye aliyekuwa anamkopesha mzungu likizo.

#19 MamaMahamri
Hilo la mvuvi kumkopesha mzungu nitaliandika ukutani dukani pangu.

#20 Msomaji_Tudor
Niingize ya mbali. Mnauliza kuna siasa mbadala? Angalieni Grenada, kisiwa cha Karibea. Machi 1979 Maurice Bishop na wenzake walipindua serikali, wajamaa kabisa: shule, matibabu, vyama vya wakulima. Mradi wao mkubwa ulikuwa nini? Uwanja wa ndege wa kimataifa, kwa msaada wa Kuba, ili watalii watue moja kwa moja. Marekani ikasema ni wa kijeshi. Oktoba 1983 wanamapinduzi wakagombana, Bishop akauawa na wenzake, Marekani ikavamia. Uwanja ukamaliziwa 1984 na sasa umepewa jina la Bishop. Watalii wanatua hapo.

Kuba yenyewe, Muungano wa Sovieti ulipoanguka na kuacha kununua sukari yao, ikarudi kwenye hoteli za ubia na Wahispania. Ikafika mahali dereva wa teksi mwenye kushika dola anamzidi daktari.

Kama Bishop na Castro waliishia uwanja wa ndege na hoteli, basi tatizo si mfumo wa siasa. Kisiwa kidogo lazima kinunue mafuta, dawa, ngano, vipuri kwa dola, na dola haioti. Yule #4 aliyesema hoja ya udogo haisimami, mimi naona inasimama.

#21 Ngazija_Kibokoni
Lakini Kuba waliuza pia madaktari. Walikuja mpaka Kenya 2018, mkataba ukaisha 2023. Hiyo ni bidhaa ambayo hakuna bahari inayohitajika.

#22 BintiLikoni
Na sisi tunauza wasichana Ghuba. Dada yangu yuko Riyadh kazi za ndani mwaka wa pili. Aliondoka hoteli ilipowapunguza. Kabla hatujasifu kuuza watu, tuulize wanauzwa kwa masharti gani.

#23 MwalimuJomvu
#20, Shelisheli ndiyo itakayotusaidia hapo, na haijasemwa vizuri.

Mpaka 1971 Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, haikuwa na uwanja wa ndege. Mtu alikwenda kwa meli, na meli hizo zilitoka hapa Mombasa au Bombay. Uwanja ulijengwa na Uingereza, si kwa hisani. 1965 Waingereza walikata visiwa wakaunda koloni jipya katikati ya bahari: Chagos kutoka Morisi, na Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Shelisheli. Morisi ikapewa pauni milioni 3. Shelisheli ikapewa uwanja wa ndege. Wakaazi wa Chagos waliondolewa wote kati ya 1968 na 1973 ili Marekani iweke kambi yake kwenye kisiwa chao cha Diego Garcia, wakatupwa Port Louis ya Morisi na Victoria ya Shelisheli. Visiwa vitatu vya Shelisheli vilirudishwa 1976 siku ya uhuru, Chagos bado watu wanaidai, na mahakama ya kimataifa ilitoa maoni yake 2019 kwamba Uingereza imalize utawala wake huko.

Sasa tazama. Utalii wa Shelisheli ulizaliwa ndani ya bei ya kambi ya kijeshi. Kopra na mdalasini havikufa peke yake, vibarua waliyakimbia mashamba kwenda kujenga uwanja na hoteli. Mtu akisema "walichagua utalii", nani alichagua?

#24 Kuli_Mstaafu
Meli hizo nazikumbuka, ndugu. Walikuwa wanashuka hapa Washelisheli na masanduku ya mbao, wengine wakakaa kabisa.

#25 Mbara_Bamburi
Mwalimu, lakini baada ya hapo walikuwa na chaguo. Juni 1977 France-Albert René alimpindua rais Mancham, ambaye siku hiyo alikuwa London, akatawala kwa chama kimoja mpaka mapema miaka ya 90. Shule bure, hospitali bure, nyumba za serikali. Hoteli zikawekewa mipaka. Wakaweka kiwanda cha jodari ambacho ni kati ya vikubwa duniani, na meli za Ulaya zinalipa leseni kuvua. 2008 deni likawashinda, wakaenda Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wakapunguza kazi za serikali. Wakainuka. Leo kwa kipato cha mtu mmoja mmoja wametuzidi mbali. Hao ni watu waliotegemea utalii na bado watoto wao wakasoma. Kwa hiyo mimi nasema tatizo si utalii, ni nani anautoza na anafanyia nini. Baharia wa #17 angekuwa Mahé angekuwa na barafu ya serikali na mnunuzi wa kiwanda.

#26 Baharia_Mtongwe
Angekuwa pia anashindana na meli za Wahispania za neti kubwa. Lakini barafu naichukua.

#27 Mkilifi_Halisi
Mbara_Bamburi leo umeongea kama mpwani.

#28 Mbara_Bamburi
Nimezikwa kitovu hapa, mnataka nini tena?

#29 Paje_Kusini
Mfano wa Maldivi haujaguswa. Walianza 1972, na kwa miaka mingi sheria ilikuwa hoteli ziwe kwenye visiwa visivyo na watu. Kisiwa kimoja hoteli moja. Mwananchi hakuruhusiwa kupangisha wageni kijijini kwake. Pesa ikawa ya wenye kukodisha visiwa, vijijini wanaona taa tu ng'ambo. Serikali ya rais Nasheed, kuanzia 2009, ikaruhusu nyumba za wageni visiwa vya watu. Kisiwa kama Maafushi kikabadilika kabisa: familia ina vyumba vitano, kaka ana boti, mama anapika. Sheria moja ilibadilishwa, basi.

Mimi mwenyewe nina vyumba vichache Paje. Mgeni wangu anakula pweza aliyenunuliwa kwa jirani asubuhi ile, mkate wa jirani, maji ya kisima. Sijamzuia mzungu kuja wala sijamwabudu. Ila mkodi wa hoteli kubwa jirani ana msamaha wa kodi na mimi nalipa kila karatasi.

#30 MtuWaKuze
#29 hapo nimepata la kufikiri kuliko vyote. Lakini rudi kwa #15. Wewe Paje una kiwanja. Yeye Kilifi hana.

#31 BintiLikoni
Na hata njia ya kufika baharini inapotea. Tulipokuwa watoto Diani kulikuwa na vijia kati ya hoteli na hoteli, wavuvi walipita na mitego yao. Kimoja kimoja vimewekwa geti na askari. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilitaja ardhi za umma zilizogawanywa kinyume cha sheria, na viwanja vya ufuoni vimo. Tangu hapo geti gani limebomolewa? Mwananchi wa kaskazini Jumapili anakwenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Pirates, watu wamebanana kama dagaa, na pembeni kuna kilomita za mchanga mtupu.

#32 DerevaWaTrela
Bustani ya ufuoni ya Mama Ngina pia. Tangu patengenezwe 2019 pamependeza kwa kweli, ila wale wauza mihogo na madafu wa zamani wengi hawakurudi.

#33 MamaMahamri
Mimi nimerudi, nalipa ushuru kila siku. Mihogo ipo, njooni. Na niseme jambo: mteja wangu hajawahi kuwa mtalii wa Ulaya. Ni Wanairobi wa Desemba, Wakisumu, Waganda, wanafunzi wa ziara za shule. 2014 Waingereza walipoambiwa waondoke na ndege zikaja kuwachukua, mie niliuza. 1997 vurugu za Likoni hapo sikuuza, kila mtu alikimbia. Mbona mnazungumza kama mtalii ni mzungu tu? Huyu wa reli anakula muhogo wangu na kulipa papo hapo, si siku 90.

#34 Kuli_Mstaafu
Mama kasema. Na hao kawaleta reli ile ile iliyomfilisi DerevaWaTrela. Dunia ina mambo.

#35 DerevaWaTrela
Nimeiona hiyo mzee. Sijui nifurahi au nilie.

#36 Msomaji_Tudor
Tuseme basi siasa mbadala ni ipi kwetu? Nimesikia humu tatu. Kujitenga, ambayo Ngazija katuonya, na ambayo wale wa "Pwani si Kenya" walipigiwa marufuku 2010 mpaka mahakama kuu ikaiondoa 2012. Ugatuzi, ambao tunao tangu 2013 lakini bandari na hatimiliki hazimo mikononi mwa kaunti. Na sheria ndogo ndogo kama za Maldivi.

#37 Mkilifi_Halisi
Ya nne: ardhi. Hatimiliki za wenye mashamba wasioonekana zifutwe au zinunuliwe, maskwota wapewe, na kila hoteli ya ufuoni ikodi kutoka kwa kijiji, isiwe na umiliki. Muda wa kukodi ukiisha, kijiji kinaamua.

#38 Paje_Kusini
Ndugu yangu, hilo tunalo. Baada ya mapinduzi ya 1964 ardhi yote Unguja ikawa ya serikali, watu wakapewa eka tatu tatu. Mgeni hanunui, anakodi. Na bado mwenye kijiji akiondolewa analipwa minazi na miembe yake tu, kwa sababu ardhi si yake. Anayesaini ukodishaji ni ofisi ya mjini. Ukisema "kijiji" hakikisha ni kijiji, isiwe wizara inayojiita kijiji.

#39 Mkilifi_Halisi
Ndiyo maana nimesema kijiji na si serikali. Sheria ya ardhi za jamii ya 2016 ipo, ila pwani yetu imesajiliwa kwa majina ya watu binafsi tangu 1908, haiingii.

#40 Kuli_Mstaafu
Mtagawana mchanga huo mpaka kesho. Bila kuamua juu ya bandari, kaunti itabaki inaomba. Dai la kwanza liwe sehemu ya pato la bandari ibaki hapa kwa sheria.

#41 Mbara_Bamburi
Na Turkana waseme hivyo kuhusu mafuta, Nakuru kuhusu mvuke wa ardhini wa umeme, tutabaki na nchi? Mzee, kwa heshima, hilo siungi mkono.

#42 Kuli_Mstaafu
Turkana na waseme. Wana haki.

#43 Baharia_Mtongwe
Kabla hamjaendelea: kuna mtu humu anayejua chama cha wavuvi kinaandikishwaje ili tuweze kutoa ankara moja kwa hoteli tukiwa kumi? MtuWaKuze, wewe uliyepiga muhuri, karatasi gani walikuwa wanakubali?

#44 MtuWaKuze
Kumi mnatosha. Mtahitaji cheti cha kikundi, akaunti ya benki ya kikundi, namba ya kodi, na cheti cha idara ya uvuvi. Nitakuandikia orodha kamili usiku. Na msikubali siku 90. Nilikuwa naona wauzaji wakubwa wanalipwa siku 14 kwa sababu walikataa.